Wikendi Copenhagen na watoto na bibi yao: uzoefu wangu wa Tivoli

Ukisafiri na watoto kwa siku mbili tatu, bustani ya michezo ndiyo inayokula safari. Wewe unataka kuuona mji, wao wanataka kupanda vyombo vya michezo. Ukiwa Paris, kwa mfano, Disneyland iko Marne-la-Vallée, zaidi ya kilomita 30 mashariki. Treni ya RER A inachukua kama dakika 40 kwenda na 40 kurudi, na kwa bei ya tiketi zake hakuna mzazi atakayekubali kuondoka kabla ya giza. Jioni mnarudi mmechoka, na Paris yenyewe hamjaiona. Kwa hiyo nilipokuwa napanga wikendi ya Agosti kutoka Hamburg, tunakoishi, kitu cha kwanza nilichouliza ni umbali kati ya bustani na kitanda tutakacholalia. Hapo ndipo Copenhagen ikashinda.

Tivoli, bustani ya michezo ya huko, iko katikati ya mji hasa. Ukitoka Stesheni Kuu ya treni unavuka barabara, lango hili hapa. Anayekuja kwa ndege anapanda treni pale uwanja wa Kastrup, na baada ya kama robo saa ameshafika. Sisi tulikuja kwa treni ya moja kwa moja kutoka Hamburg, karibu saa tano za safari, na watoto walifurahia sana kupita kwenye daraja refu la Storebælt, bahari kulia, bahari kushoto. Hoteli nilichukua ya jirani na lango, unayoweza kwenda na kurudi kwa miguu. Iliongeza bei kidogo kuliko za pembeni ya mji, na kwa mpango wangu kila senti ilistahili.

Tulikuwa mimi, mume wangu, watoto wawili, na mama yangu aliyekuja kututembelea kutoka Tanga. Wenye wageni kutoka nyumbani mnaweza kujiuliza kuhusu viza: ile ya Schengen iliyotolewa na Ujerumani inamruhusu mgeni kuingia Denmark. Ila pasipoti awe nayo mkononi, maana mpakani wanakagua.

Sasa tiketi, na hapa ndipo Tivoli iliponifurahisha zaidi. Kuna kiingilio, halafu kuna pasi ya michezo, kila kimoja na bei yake. Kiingilio kinakufungulia bustani yote: maua, ziwa, muziki, maonyesho ya jukwaani. Pasi ndiyo inayokupandisha vyombo bila kuhesabu, na peke yake ni ghali kuliko kiingilio. Kwa familia yenye vizazi vitatu, huo ni utaratibu wa haki kabisa. Mama ana magoti yanayomsumbua na hana haja ya chombo cha kumgeuza miguu juu, kwa hiyo alilipiwa kiingilio tu. Watoto walipata pasi, na mume wangu pia, kwa sababu mdogo anahitaji mtu mzima wa kukaa naye kwenye vyombo kadhaa. Mimi nilibaki na kiingilio, na nilipotaka kupanda kitu nilinunua tiketi ya mchezo huohuo. Bei hubadilika kulingana na siku, basi linganisha siku kabla ya kulipa. Na kumbuka Denmark hawatumii euro, wanatumia kroner. Euro 1 ni kama kroner 7.5, na kwa kadi unamaliza kila kitu.

Kabla hujawaahidi watoto chochote, wapime urefu nyumbani. Kila chombo kina kipimo chake na wahudumu hawabembelezeki, na ni vizuri iwe hivyo.

Mpango wetu ulikuwa kuigawa Jumamosi vipande viwili. Tuliingia lango linapofunguliwa, saa tano asubuhi, foleni zikiwa bado fupi, watoto wakapanda mpaka kama saa tisa alasiri. Tukapigwa muhuri mkononi, tukatoka, tukarudi hotelini. Mdogo alilala usingizi mzito, mama akanyoosha miguu, akaswali Alasiri na baadaye Magharibi kwa utulivu kwenye mswala wake. Ndipo tukarudi bustanini usiku, wote wazima kama ndiyo kwanza tunaanza siku. Jambo hili haliwezekani kwenye bustani iliyo nje ya mji, na kwangu lina thamani kuliko rolakosta yoyote, yaani vile vitreni vya kupanda na kushuka kwa kasi. Nimeona familia nyingi zikiburuza watoto wanaolia saa mbili usiku kwa sababu tu hakuna pa kwenda.

Kuhusu vyombo vyenyewe: Rutschebanen ni rolakosta ya mbao ya mwaka 1914, na hadi leo kila treni inabeba mpiga breki anayeiendesha akiwa ameketi humohumo ndani. Mwanangu wa kwanza alimtazama mtu huyo kwa heshima ambayo hata mwalimu wake hapati. Anayetaka kasi aende Dæmonen, iliyofunguliwa mwaka 2004, inayopindua watu mara tatu kwa kilomita 77 kwa saa. Himmelskibet ni bembea za kuzunguka kwenye mnara wa mita 80, na ukiwa huko juu unauona mji wote na minara yake. Mimi nilipanda hiyo, nikafumba macho mzunguko wa kwanza, nikafumbua wa pili, nikatamani isishuke.

Lakini anayefuata rolakosta kubwa za Ulaya, Tivoli si mahali pake. Ni ndogo. Ilifunguliwa mwaka 1843 na Georg Carstensen kwenye ardhi ya ngome za zamani za mji, na ziwa lake ni mabaki ya handaki la maji lililozunguka ngome hizo. Mji umeshaizunguka pande zote, haina pa kutanukia. Mimi naupenda udogo huo: mama alitembea bustani nzima kwa mwendo wake, akipumzika kwenye mabenchi, na hatukupotezana hata mara moja.

Mama alichokipenda kuliko vyote ni jukwaa la Pantomime, jengo la mwaka 1874 la mtindo wa Kichina. Pazia lake ni tausi mkubwa anayekunja mkia taratibu ili jukwaa lionekane. Maonyesho yake ni ya wazi, yamo kwenye kiingilio, na waigizaji hawasemi neno. Mtu asiyejua Kidenmark yuko sawasawa na mwenyeji. Mama alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya mtandio. “Mwanangu,” akaniambia, “huyu mweupe ni mjinga lakini ana roho nzuri.” Alikuwa anamsema Pierrot, mchekeshaji wa mchezo huo mwenye uso uliopakwa rangi nyeupe, na alikuwa amemwelewa kabisa.

Chakula kinahitaji maandalizi, maana Copenhagen ni mji ghali popote utakapokaa kula. Kwa Waislamu kuna la ziada: Wadenmark ni walaji wakubwa wa nguruwe, na soseji za vibandani mara nyingi ni za nguruwe, hivyo uliza kwanza. Ijumaa tulikwenda Nørrebro, mtaa wenye migahawa na bucha nyingi za halali, tukanunua kuku. Chapati nilikuwa nimezipika Hamburg. Tulivila bustanini kwenye benchi, hakuna aliyetusemesha.

Siku ya kwenda ichague kwa makini. Ijumaa za kiangazi kuna tamasha la muziki, Fredagsrock, lililomo kwenye kiingilio, na watu hujaa. Vijana watalipenda, mwenye mtoto mdogo na mzee aikwepe. Ijumaa yetu tuliitumia kwa mashua za mifereji kutoka Nyhavn, na Jumapili asubuhi tukaenda kasri la Rosenborg. Kama unazitaka taa, tazama saa ya machweo: mwezi Juni jua linazama karibu saa nne usiku, ni kuchelewa mno kwa watoto. Katikati ya Agosti giza linaanza kuingia kama saa tatu, na taa zote za bustani zinawaka watoto wakiwa bado na nguvu. Jumamosi yetu ilimalizika kwa fataki muda mfupi kabla ya saa sita, na dakika kumi baadaye tulikuwa tunawavua watoto viatu hotelini.

Tivoli huendeshwa kwa misimu. Upo wa kiangazi, wa Halloween mwezi Oktoba, wa Krismasi na mingineyo, na kuna siku lango linafungwa. Angalia kalenda yao kwanza, ndipo ununue tiketi ya treni au ndege. Na kiangazi, ukitaka bustani nyingine ya michezo, iko Bakken kule Klampenborg, kama dakika 20 kwa treni ya S, ile ya mjini. Ipo tangu mwaka 1583, na kuingia ni bure, unalipia michezo tu.