Miche ya Matunda kwa Kiwanja Kidogo: Ipi Inunuliwe Kwanza

Nyumba iliyojengwa katika kiwanja cha mita 20 kwa 20, ikishatolewa nafasi ya shimo la maji taka, banda la kuku na njia ya gari, huacha mahali pa miti mitatu au minne ya matunda. Kwa hiyo anayekwenda kitaluni anapaswa kuwa ameamua mapema, kwa sababu miche ikiwa imepangwa pamoja chini ya kivuli yote hupendeza, na muuzaji hana sababu ya kukukataza usinunue kumi. Mpangilio ufuatao umezingatia mambo matatu: mti unazaa baada ya muda gani, unachukua nafasi kiasi gani, na unavumilia kwa kiasi gani mwenye nyumba asiyekuwapo mchana kutwa.

Kabla ya aina ya tunda, ukague mche wenyewe, maana hapo ndipo fedha nyingi hupotea. Wanunuzi wengi huchagua mche mrefu kuliko wenzake, ilhali urefu mara nyingi ni dalili kwamba umekaa kitaluni kupita kiasi. Kiinue kiriba, yaani mfuko wa mche, na utazame matundu ya chini: mizizi minene iliyokwisha kutoka na kuingia ardhini itakatwa siku ya kuuhamisha, na iliyobaki ndani huenda imejizungusha kama kamba, hali ambayo mti hauisahau hata ukiwa mkubwa. Kisha pitisha kidole kwenye maungio, yaani pale kikonyo (kitawi cha mti mzazi) kilipobebeshwa juu ya shina la mche mwingine. Maungio mazuri yamejifunga pande zote, hayana ufa wala gundi inayotoka, na majani yaliyo juu yake yamekomaa na kukolea rangi. Ukikuta nailoni iliyofungia maungio ingali imekaza hadi gome limekatika, au machipukizi mengi chini ya maungio, uache mche huo. Wapo pia wanaofunga nailoni kwenye mche wa mbegu usiobebeshwa kabisa. Ukiomba ifunguliwe na usione kovu la kisu, umepata jibu.

Nafasi ya kwanza haiwezi kutolewa bila kujua mwinuko wa mahali. Kwa wakazi wa nyanda za juu, kama vile Njombe, Rungwe, Moshi vijijini au Murang'a, mche wa kununua kwanza ni parachichi la kubebesha. Huanza kuzaa katika mwaka wa tatu au wa nne, wakati ule wa mbegu unaweza kukuweka miaka saba au zaidi bila uhakika wa tunda utakalopata. Tunda la parachichi lina sifa inayoifaa sana familia: haliivi likiwa mtini, bali hulainika baada ya kuchumwa, hivyo mti hugeuka ghala la kuchuma kidogo kidogo kwa wiki nyingi. Aina ya Hass ndiyo inayotangazwa zaidi, kwa kuwa ngozi yake nene huvumilia safari ya meli. Kwa mezani pa nyumbani, aina ya Fuerte haina upungufu wowote, na ukiwa na nafasi ya miti miwili ni vyema kuwa na zote mbili. Ua la Hass hufunguka asubuhi likiwa la kike na kurudi kufunguka siku ya pili mchana likiwa la kiume. La Fuerte huenda kinyume, kwa hiyo miti hiyo hupeana chavua. Onyo ni moja: mizizi ya parachichi huoza upesi kwenye ardhi inayotuamisha maji, hivyo usiupande karibu na mahali maji ya bafuni yanapomwagika.

Kwa wa Pwani na maeneo mengine ya joto, nafasi hiyo ni ya mwembe wa kubebesha. Aina za Dodo na Boribo zinajulikana kwa utamu na hazihitaji kupigiwa debe. Tommy Atkins, iliyotoka Florida, ina rangi ya kuvutia na hukaa muda mrefu sokoni, lakini nyuzi zake ni nyingi na ladha yake ni ya kawaida. Sioni sababu ya kuipa shimo moja kati ya machache uliyo nayo. Mwembe lazima upogolewe kila baada ya mavuno ili usipite mita nne, la sivyo utafunika paa. Inzi wa matunda aliyeingia kutoka Asia, aliyegunduliwa nchini Kenya mwaka 2003, hupunguzwa kwa kuokota maembe yaliyoanguka kila siku na kuyafungia ndani ya mfuko mweusi juani.

Ya pili ni ndimu au limau. Mti ni mdogo na hutumika jikoni karibu kila siku. Mbegu ya ndimu kwa kawaida hutoa mti unaofanana na mama yake, kwa hiyo asiye na haraka hana ulazima wa kulipia mche wa kubebesha. Chungwa ni jambo jingine: linunuliwe lililobebeshwa tu, na katika maeneo ya baridi uwe mwangalifu na ugonjwa wa manjano ya michungwa, ambao huenezwa na mdudu mdogo anayefyonza majani na hauna tiba.

Mpapai ninauweka wa tatu, ingawa ndio utakaokupa tunda kabla ya mwingine wowote, takribani miezi tisa. Ni mti wa muda mfupi, na mche wa mbegu za kawaida unaweza kuwa dume, yaani usiozaa. Panda mitatu katika shimo moja, usubiri maua, kisha ung'oe usiohitajika. Mbegu chotara kama Red Lady huepusha usumbufu huo, ila usihifadhi mbegu za matunda yake.

Mstafeli na mpera hufuata. Ni miti migumu isiyodai mengi.

Ya mwisho ni tufaha. Miche ya aina ya Anna huuzwa hata mahali pa joto kali kwa maelezo kwamba inastahimili. Kweli Anna huhitaji baridi kidogo kuliko matufaha mengine, lakini kidogo si sifuri, tena huzaa vizuri ikiwa karibu na aina nyingine, Dorsett Golden. Aliye Lushoto au Njombe anaweza kujaribu. Aliye Dar es Salaam atakuwa amenunua majani.

Miche ya kuaminika hupatikana katika vituo vya TARI (Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania) kama Tengeru na Uyole, bustani za SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo) mjini Morogoro, na kwa Kenya katika vituo vya KALRO (shirika la utafiti wa kilimo na mifugo) na vitalu vilivyokaguliwa na KEPHIS (shirika la ukaguzi wa afya ya mimea). Nunua mvua zikiwa zimekwisha kushika, ukiwa umechimba shimo la sentimita 60 kila upande wiki kadhaa kabla na kuchanganya udongo wa juu na debe la samadi iliyooza. Safirisha miche ikiwa imefunikwa, maana upepo wa nyuma ya pikapu hukausha majani kabla hujafika, na upandapo hakikisha maungio yanabaki juu ya udongo.