Pakiti za sauti za sinthesaiza: uzoefu wangu katika studio ndogo ya Nyakato, Mwanza

Pakiti ya sauti za sinthesaiza, yaani ala au programu inayounda sauti kwa njia ya kielektroniki, ina thamani kwangu pale tu ninapoweza kuifungua, kuona kila sauti ilivyoundwa, na kuibadili hadi ikubaliane na wimbo nilio nao mkononi. Ninatengeneza muziki kwa programu ya FL Studio katika chumba kimoja hapa Nyakato, kwa ajili ya waimbaji wa Bongo Fleva, kwaya, na wasanii wanaotaka ngoma za Kisukuma zichanganywe na midundo ya kielektroniki. Kwa miaka kadhaa nimetumia pakiti za bure na za kununua kwenye sinthesaiza za kompyuta ziitwazo Vital, Surge XT, Dexed na Serum. Vijana wanaoanza kazi hii huniuliza wanunue ipi, nami huona kwamba wengi wao wanachagua kwa kusikiliza wimbo wa tangazo la pakiti, ambao ndio ushahidi dhaifu kuliko wote.

Mnunuzi anapaswa kwanza kuelewa kwamba priseti si rekodi. Sampo ni kipande cha sauti kilichorekodiwa, ilhali priseti ni maelezo ya jinsi nobu zote za sinthesaiza zinavyopaswa kukaa: osileta (kizalisha wimbi) ipi inatoa wimbi gani, filta (kichujio cha sauti) inafunguka kiasi gani, sauti inaingia kwa haraka au polepole, na LFO (wimbi la polepole linalosogeza nobu nyingine) inatikisa nini. Sauti yenyewe huzaliwa ndani ya kompyuta kila unapobonyeza kinanda. Ndiyo maana faili zake ni ndogo. Katriji nzima ya kinanda cha kielektroniki cha Yamaha DX7 yenye sauti 32, ambayo Dexed huifungua bila shida, ina baiti 4,104 tu. Jedwali kamili la mawimbi la Serum, yaani mfululizo wa maumbo ya wimbi 256 yenye pointi 2,048 kila moja, hufikia kama megabaiti 2, na faili za Vital nazo hukua kwa sababu hubeba mawimbi yake ndani. Hata hivyo mamia ya priseti kwa kawaida ni mepesi kuliko sampo paki moja ya gigabaiti kadhaa, na kwa sisi tunaopakua kwa bando la simu, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama utaipata pakiti leo au utasubiri mwisho wa mwezi.

Kabla ya kutoa fedha, ningemshauri mtu yeyote atumie kwanza kilicho bure. Vital, iliyotengenezwa na Matt Tytel na kutolewa mwaka 2020, huja katika toleo la bure na priseti 75, na injini yake ni ileile iliyo katika matoleo ya kulipia. Nimeipenda hasa kwa sababu inaonyesha kila kinachotokea: unaona wimbi likibadilika umbo na unaona LFO ikipita juu ya nobu, kwa hiyo mwanafunzi anajifunza kwa macho na masikio kwa pamoja. Surge XT ni ya bure kabisa, msimbo wake umekuwa wazi tangu mwaka 2018, na ina priseti zaidi ya 2,000, nyingi zikiwa zimetengenezwa kwa ustadi. Sura yake si ya kuvutia kama ya Vital na mgeni huchoka haraka kuitazama, lakini kwa uimara na upana wa kazi sijaona ya bure inayoizidi.

Dexed ninaipenda kuliko zote hizo. Inaiga DX7 ya mwaka 1983, kinanda kilichotumia sintesi ya FM iliyogunduliwa na John Chowning katika Chuo Kikuu cha Stanford, ambamo wimbi moja linalitikisa lingine kwa kasi kubwa hadi linazaa milio mipya iliyo juu ya noti ya msingi. DX7 ina osileta sita na njia 32 za kuzipanga, na kutokana na hizo unapata kengele, vinanda vya umeme, marimba, na besi inayogonga kama mti. Maprodyuza wa kwetu wana sababu ya pekee ya kuijua sintesi hii. Besi ya amapiano inayoitwa logi dramu, ambayo leo inasikika katika nusu ya nyimbo zinazopigwa kwenye daladala za Igoma na Buzuruga, ilitokana na priseti ya Fruity DX10, sinthesaiza ndogo ya FM iliyomo ndani ya FL Studio, na prodyuza wa Afrika Kusini, MDU aka TRP, ndiye anayetajwa zaidi kwa kuifanya iwe besi ya muziki huo. Priseti hiyo ilikuwa wazi kwa kila mwenye programu. Kilichoipa uhai ni mtu aliyeipeleka chini kwenye noti za besi, akaikaza, akaitungia mdundo wake. Ninapomwona kijana akikusanya pakiti za logi dramu zilizokwisha kupikwa, namwonyesha DX10 na nobu zake chache, na kwa kawaida kabla ya jioni ana besi isiyofanana na ya mtu mwingine.

Nimelipia pakiti pia, na sijutii nyingi. Moja, hata hivyo, ilinisikitisha kwa namna inayofaa kuelezwa. Wimbo wake wa tangazo ulikuwa mkubwa na wenye nguvu, lakini nilipozifungua sauti niligundua kwamba karibu kila moja ilikuwa imefunikwa kwa riverbu (mwangwi wa chumba), dilei (sauti inayojirudia) na distoshoni (ukwaruzo wa makusudi), na nilipovizima vyote, chini yake kilibaki kile kile: mawimbi mawili ya msumeno yaliyotanuliwa kwa unisoni hadi mwisho. Unisoni ni kuzidisha wimbi moja liwe mengi yaliyopishana kidogo, na Vital inaruhusu hadi 16 kwa kila osileta. Osileta tatu zenye unisoni 16, ukipiga noti nne za muziki kwa pamoja, ni mawimbi 192 yanayokokotolewa kwa wakati mmoja, na hayo ni ya chombo kimoja tu. Kompyuta yangu ilikuwa ikikwaruza, na hali ilizidi umeme wa TANESCO ulipokatika, kwa kuwa kompyuta mpakato nyingi hupunguza kasi zikiwa kwenye betri. Nilishusha unisoni hadi tano, sauti ikabaki pana vya kutosha, na mwimbaji aliyekuwa amesimama mbele ya maikrofoni hakuhitaji kusubiri tena.

Tangu hapo nina utaratibu wa kupima pakiti yoyote mpya. Nazima vionjo vyote, yaani riverbu, dilei, korasi na kompresa, kisha naisikiliza sauti ikiwa tupu. Halafu nailinganisha kwa ujazo na sauti niliyoizoea, kwa sababu sikio la binadamu hupendelea kilicho juu zaidi na watengenezaji wengi wa pakiti huziacha priseti zao zikiwa zimejaa hadi ukingoni. Baada ya hapo nazungusha makro. Makro ni nobu moja iliyounganishwa na nobu nyingine nyingi ndani, na ndipo unapomtambua fundi aliyeifikiria kazi yake: fundi mzuri huipa makro jina linaloeleweka, na ukiizungusha kutoka mwanzo hadi mwisho sauti inabaki kuwa ya kutumika katika kila hatua. Fundi mvivu huacha makro tupu, au huzifunga zote kwenye filta. Pakiti zenye priseti chache zilizopangwa kwa majina ya matumizi, kama vile besi, kinanda na mandharinyuma (sauti ndefu laini inayojaza nyuma ya wimbo), zimenifaa kuliko zile zinazojivunia mamia ya sauti zenye majina ya sayari na mazimwi.

Kuhusu besi nina la kusema zaidi, kwa sababu ndipo pakiti nyingi hushindwa zinapofika mtaani. Kazi zangu husikilizwa kwenye simu, kwenye spika za baa za Kirumba, na ndani ya Hiace, na si kwenye hedifoni za studio. Besi ya priseti ya kisasa mara nyingi hutanuliwa kushoto na kulia ili ionekane kubwa. Ikichezwa kwenye spika inayounganisha pande zote mbili, mawimbi hayo hukutana, mengine hufutana, na noti zinapotea. Noti ya La ya chini ina hezi 55 (mitetemo 55 kwa sekunde), ambazo spika ya simu haiwezi kuzitoa kwa kiwango cha maana, hivyo msikilizaji wa simu huisikia besi kupitia milio yake ya juu tu. Kwa hiyo huirudisha besi katikati kwa kuzima unisoni kwenye osileta ya chini, kisha naongeza distoshoni ndogo ili milio ya juu iwepo. Besi za FM kutoka Dexed hazihitaji msaada mkubwa hapa, kwani milio hiyo huzaliwa nazo.

Pakiti karibu zote nilizotumia zimetengenezwa kwa hesabu ya nne kwa nne. LFO zake zimefungwa kwenye robo na thumuni, na aphejieta, inayocheza noti moja baada ya nyingine yenyewe, hufuata mgawanyo huohuo. Ukitengeneza wimbo unaotembea kwa sita kwa nane, pamoja na njuga na ngoma kubwa, mandharinyuma ya priseti hiyo itakuwa inapumua kinyume na wachezaji. Kulirekebisha ni kazi ndogo, maana Vital na Surge XT zote zinaruhusu LFO ifuate tripleti (pigo lililogawanywa mara tatu), lakini ni lazima ujue LFO ipi ndiyo inayotikisa nini, na priseti iliyofungwa au iliyosongwa na miunganisho isiyo na maana haikuruhusu kulijua hilo kwa urahisi.

Jambo lililonigusa zaidi lilitokea nilipomrekodi mzee mmoja mpigaji wa litungu aliyevuka kutoka upande wa Musoma. Litungu la Wakurya lina nyuzi nane na hupangwa kwa sikio la mpigaji, wakati kinanda cha kompyuta hugawa oktava katika hatua 12 sawa, kila moja senti 100 (senti ni kipimo cha umbali kati ya noti). Niliweka mandharinyuma laini kutoka katika pakiti niliyoipenda sana, mzee akasikiliza, akasimamisha mkono juu ya nyuzi na kusema kwa upole, “Mwanangu, hicho kinanda chako kinaimba njia nyingine.” Alikuwa sahihi, na hakuna riverbu ambayo ingeficha mgongano ule. Nilipima uzi mmoja baada ya mwingine kwa kipimo cha noti, nikaandika umbali wake kwa senti katika faili ya Scala, inayoieleza sinthesaiza mpangilio wa noti na ambayo ni maandishi ya kawaida yasiyohitaji programu maalumu, kisha nikaifungua ndani ya Surge XT. Priseti ileile, bila kuguswa mahali pengine, ikakaa chini ya litungu. Mzee alipiga wimbo mzima bila kusimama. Vital nayo inazipokea faili hizo, na kwa yeyote anayerekodi nyatiti, zeze au litungu katika ukanda huu wa ziwa, huo ni uwezo ninaouthamini kuliko pakiti mia za kulipia.

Kuna mambo machache ya kuangalia kabla ya kununua. Priseti ya Serum haifunguki ndani ya Vital, na zile zilizotengenezwa kwa Serum 2, iliyotoka mwaka 2025, hazifunguki katika Serum ya kwanza, kwa hiyo soma toleo linalohitajika. Serum yenyewe iliuzwa kwa dola 189 kwa muda mrefu, na mtu anayenunua pakiti yake bila kuwa nayo anajikuta na faili zisizo na kazi. Soma pia leseni: nyingi huruhusu kutumia sauti katika nyimbo za biashara bila malipo ya ziada, lakini hukataza kuziuza upya kama priseti au sampo. Pakiti zinazozungushwa kwa flashi bila leseni siziruhusu studioni kwangu, kwa sababu mtu aliyezitengeneza ni fundi kama mimi, nami nisingependa biti zangu zizungushwe hivyo.

Kwa anayeanza, Vital ya bure na Dexed zinatosha kwa kazi nyingi za Bongo Fleva, na fedha zake zitamsaidia zaidi zikienda kwenye hedifoni nzuri. Anayefanya amapiano abaki kwanza na DX10 aliyonayo tayari. Pakiti ya kulipia inamfaa mtu ambaye ameshajua sauti gani anaikosa, kwa mfano vinanda vya umeme vinavyoitikia nguvu ya kidole, na kwa mahitaji ya namna hiyo nimelipa kwa moyo mkunjufu na nitalipa tena. Mimi kwa sasa ninaandaa pakiti yangu ndogo ya Surge XT, yenye mandharinyuma na kengele zilizopangwa kwa noti za litungu nililorekodi, kwa idhini ya mzee mwenyewe; LFO zake zote zinakwenda kwa tripleti, na faili ya Scala itakuwa ndani yake ili mpigaji mwingine aweze kuandika nyuzi zake juu ya zile.