Mtambo wa majitaka wa apatimenti zetu Malindi: nyota 4, ya tano nimeizuia

Nawapa 4 kati ya 5, mtambo na sevisi pamoja. Jina la kampuni siliandiki maana bado tuna maneno nao, mtaona mbele. Mimi nasimamia apatimenti za wageni upande wa Casuarina hapa Malindi na kama na wewe una gesti au nyumba za kukodisha karibu na bahari, soma kabla hujatoa diposti.

Zamani tulikuwa na septiki na shimo la kunyonya kama majirani wote. Septiki kazi yake ni kushika ule uchafu mzito tu, maji yanayotoka bado ni machafu na yanaingia ardhini hivyo hivyo, na huku kwetu chini ni mchanga na matumbawe, hayachujwi vya maana, yanaenda kwa kisima cha mtu au baharini, na bahari yenyewe ndio hiyo ya Marine Park (hifadhi ya bahari) tunayowauzia wageni. Disemba nyumba zikijaa shimo linafurika na gari la kunyonya mpaka ulibembeleze. Basi mwenye mali akasema tununue mtambo wa kusafisha majitaka.

Ukija kwetu utaona vifuniko tu na kibanda cha bloa (mashine ya kupuliza hewa), matangi yote yamefukiwa. Maji ya jikoni yanaanza kwa mtego wa mafuta (huu usiuruke jamani, kwa samaki wa kukaanga na matui tunayopika huku mabomba yataganda), halafu chekeche inashika pampasi na takataka, halafu tangi la hewa. Hapo ndio kwenye kazi yenyewe. Bakteria wanakula uchafu, bloa inawapulizia hewa kupitia sahani za mpira zenye vitundu vidogo chini kabisa, kisha mchanganyiko wote unahamia tangi la kutulia, tope linazama ambalo ndio hao hao bakteria, maji meupe yanamwagikia juu, na pampu inarudisha tope kwenye hewa wakaendelee kula. Maji yanatiwa klorini yanakaa kama nusu saa ndio yaende kwa minazi na bogainvilia. Si kitu kigeni, Manchester kule Uingereza walikuwa wanaifanya tangu 1914.

Sasa yule wa mauzo alituambia inajiendesha yenyewe. Haijiendeshi! Fundi wao aliyekuja kufunga ndiye aliyesema ukweli, akaniambia "Mama, hapa umenunua mifugo, ukiwaacha bila chakula na hewa watakufa." Huyo fundi ndiye nyota 3 kati ya hizo 4, wallahi. Alimfundisha kijana wetu wa bustani kuchota lita moja kutoka tangi la hewa kila asubuhi, anaweka kwa jagi la kioo lenye alama na haligusi dakika 30. Siku nzuri tope la rangi ya chokoleti linashuka taratibu kwa pamoja, linasimama karibu na alama ya mililita 300 na juu unaona vidole vyako upande wa pili. Likigoma juu huko kwa 700 basi ama tope limezidi upunguze, ama wameingia bakteria wa nyuzinyuzi ambao hawazami vizuri. Na pua pia ni kipimo, tangi likiwa sawa linanukia udongo uliopigwa na mvua, ukisikia mayai viza ujue hewa haitoshi.

Kuna siku tope lilianza kuibuka mabonge mabonge kwenye tangi la kutulia, wageni wako bwawani hapo karibu, presha ikanipanda. Nikampigia fundi, swali la kwanza: "Pampu ya kurudisha inazunguka?" Kumbe imezibwa na vile vitambaa vya kufutia watoto, mtu kavitia chooni. Akanieleza kwa simu kwamba tope likikaa chini muda mrefu bila hewa wale bakteria wanahamia kwa naitreti iliyomo majini ambayo ina oksijeni ndani yake, inatoka gesi ya naitrojeni na vipovu vyake ndio vinanyanyua tope. Tukatoa vitambaa, siku ya pili shwari. Nimeshughulika na mafundi wengi huku pwani, wanaokueleza sababu ni wa kuhesabu.

Vitu vingine. Stima: bloa ndio mlaji mkuu, kwa mitambo ya aina hii hewa peke yake inaweza kula nusu ya umeme wote au zaidi, na stima ikipotea masaa mengi lazima jenereta iwashwe kwa bloa kabla ya ac za watu. Jiki: kina mama wa usafi wapimiwe, ndoo nzima ikimwagwa chooni inaua bakteria. Msimu wa mvua wageni hakuna, chakula cha bakteria kinapungua, fundi akatufungia taima hewa ipumzike vipindi, bili ikashuka.

Majibu ya maabara si mabaya. Kanuni za maji za 2006 za NEMA (mamlaka ya mazingira Kenya) zilitaka BOD (oksijeni ambayo bakteria wanahitaji kula uchafu uliobaki majini) isizidi 30, chembe zinazoelea 30 na COD (oksijeni inayohitajika kuuchoma uchafu huo kwa kemikali) 50, zote miligramu kwa lita. Sisi hizo mbili za kwanza tunapita vizuri, COD ndio inatupa tabu, mara ndani mara nje kidogo.

Na lile la "hutaita tena gari la kunyonya" msilikubali, tope la ziada lazima litolewe. Tofauti ni kwamba sasa tunaita kwa mpango sio kwa dharura.

Nyota ya tano? Kwa kotesheni kulikuwa na bloa ya akiba, tumeilipia, mpaka leo naambiwa iko bandarini. Siku ikifika Casuarina nitaedit hapa niwape 5.