Guta la umeme: mwili wangu, roho yao

Naandika hasira zikiwa bado za moto. Nilitaka kusubiri zipoe, ila zikipoa nitaanza kulitetea, najijua.

Kazi yangu ni kutoa pumba na mashudu Manzese, kuwapelekea wafugaji wa kuku Makongo na Goba, kisha kurudi mjini na mayai. Miaka yote nilitumia guta la mafuta, ile pikipiki ya matairi matatu ya kubebea mizigo. Hili la umeme nimelichukua kwa mkopo, nina miezi kadhaa nalo. Jina la kampuni silitaji, maana deni lao bado liko shingoni. Mambo ya ukubwa wa mota na kasi kasomeni kwenye vipeperushi vyao. Mimi nawasimulia siku moja tu.

Ilikuwa saa saba mchana, jua la Dar lile la kuyeyusha ndala. Nyuma nina mifuko saba ya pumba na miwili ya mashudu, mzigo niliokuwa naubeba wiki nenda wiki rudi kwenye guta la zamani. Napita Chuo cha Ardhi, kioo kinasoma asilimia 41. Kwenye tambarare, 41 inanitosha kwenda na kurudi. Nikaanza kupanda Makongo Juu. Ikawa 30. Ikawa 19. Kabla sijameza mate, 6. Likazima.

Guta la mafuta likitaka kukufia linakuaga. Linakohoa, linapiga chafya, unapata muda wa kusogea pembeni. Hili lilikata kimya kimya, kama mtu aliyekukatia simu katikati ya maneno. Likaanza kurudi nyuma na mzigo wote ule. Isingekuwa vijana wawili wa bodaboda walioruka na jiwe wakaliwekea tairi, leo ningekuwa naandika kutoka wodini.

Nikapiga huduma kwa wateja. "Ndugu mteja, mfumo unaonyesha betri yako ipo salama." Betri ipo salama! Mimi je? Alipoona nimenyamaza akaongeza: "Inawezekana umezidisha mzigo." Dada yangu, nimenunua guta. Mlitaka nibebe maua ya harusi?

Fundi wa chini ya mwembe, ambaye guta langu la zamani alilifungua na kulifunga mara zisizo na idadi, akaja, akainua kiti, akaangalia nyaya za rangi ya chungwa, akashusha kiti. "Kaka, hii sigusi. Hii ni simu yenye matairi."

Huku mama wa Goba anapiga. Nikamwamkia, akaitikia marahaba ya haraka haraka, kisha: "Mwanangu, kuku wangu toka jana jioni hawajala." Nikamwambia nimefika karibu. Nilikuwa nimekaa juu ya mfuko wa mashudu nikiangalia kioo cheusi.

Sasa ajabu. Baada ya kama robo saa nikaliwasha, likasoma asilimia 11. Kijana mmoja aliyesoma umeme chuo cha ufundi VETA ndiye aliyenifungua macho: mzigo mlimani unavuta umeme mwingi kwa mkupuo, volti zinashuka, kidhibiti kinadhani betri imekwisha kinajifunga. Ukipumzisha, volti zinapanda tena. Kwa hiyo ile 41 ilikuwa kweli, ila ni 41 ya tambarare na ya guta tupu. Siku nasaini mkataba kurasa kumi na kitu, hakuna aliyenitamkia neno kilima.

Nikashusha mifuko yote, nikamwachia mama muuza mahindi ya kuchoma anilindie, nikateremka nalo hadi kituo cha kampuni cha kubadilishia betri, unaacha iliyokwisha unachukua iliyojaa. Na hapa ndipo ninapotaka mnisikilize.

Kijana wa kituo ana spika za masikio, miguu juu ya kreti. "Betri hamna, zinachaji." Naona tatu kwenye kabati zina taa za kijani. "Hizo mfumo haujaziachia." Nikamwomba kwa upole kabisa: mdogo wangu, nina mzigo wa watu barabarani. Hakuvua hata spika moja. "Sasa mzee, si ungebaki na la mafuta?"

Mzee ni neno la heshima, najua. Lakini kuna mzee wa shikamoo na kuna mzee wa hebu nipishe hapa.

Nilikaa pale saa moja na nusu, nikawa na muda wa kufikiri. Hili guta nimenunua mwili tu. Roho imebaki kwao, ndani ya kabati lenye kufuli na saa ya kufunga. Nyumbani nina LUKU, umeme wa kulipia kabla. Ya elfu kumi inanipa uniti 28. Bwawa la Nyerere kule Rufiji lina mitambo tisa, megawati 2,115, na mimi nimekwama Makongo bila megawati wala nusu yake, kwa sababu mkataba unanikataza kuchaji betri yao kwangu. Yaani umeme upo mpaka chumbani, usafiri wangu haujui.

Haya, nitende haki kidogo. Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, EWURA, wale wadhibiti wa nishati, wakitangaza bei za mafuta, jirani zangu wanashika vichwa, mimi napiga mswaki. Mgongo hauniumi tena jioni. Na mayai! Zamani kila safari lazima nimlipe mtu mayai ya kupasuka. Sasa trei zinafika zima, kwa sababu hakuna injini inayotetemesha mzigo. Mke wangu ndiye anayehesabu, na ameshasema guta la mafuta halirudi pale uani. Watu wakinitania kuhusu mizigo kwa umeme nawaambia mbona treni ya umeme ya SGR inafika Dodoma. Ila nayo ina waya juu yake njia nzima, haimbembelezi mtu wa kabati.

Kwa hiyo kama kazi zako ni Kariakoo, Ilala, Mikocheni, kwenye ardhi iliyolala, chukua, hutajuta. Kama unapanda Goba na mifuko, usichukue. Au chukua, lakini pakia nusu na usianze kilima chini ya 70. Hapana, ngojeni. Nikiikumbuka ile miguu juu ya kreti, hapana: msichukue kabisa mpaka wakubali mtu achaji kwake. Guta lenyewe halina kosa. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi.

Mama wa Goba alipata pumba zake saa mbili usiku, na kesho anataka mifuko kumi. Nimeshaongea na jirani mwenye guta la mafuta abebe mitano.

Na yule kijana wa kituo, kama anasoma: nina miaka 38.