Klabu ya hotuba mjini: je, inamfaa mwalimu mwanafunzi?

Mgeni halipi. Hilo ndilo swali la kwanza la wenzangu chuoni, basi nimelijibu. Unaandika jina kwenye daftari mlangoni, unakaa, na ukitaka unarudi tena bila kudaiwa shilingi. Ada huanza ukijiunga, na hulipwa kila nusu mwaka. Jina la klabu silitaji kwa sababu nina malalamiko nayo, ila inafuata utaratibu wa Toastmasters, chama cha kujifunza kuzungumza hadharani alichokianzisha Ralph Smedley huko California mwaka 1924, na hukutana jioni katika jengo moja karibu na bustani ya Jeevanjee, katikati ya Nairobi.

Mimi naelekea mazoezi ya kufundisha, Kiswahili na Historia. Nikisimama mbele ya darasa mate hukauka, magoti hucheza, na somo la dakika 40 nalimaliza kwa 15. Mhadhiri wetu alishatushauri tujiamini. Ahsante.

Kinachofaa zaidi pale ni maswali ya papo kwa papo. Mwendeshaji anasoma swali, anaita jina, nawe unasimama kusema kwa dakika moja hadi mbili juu ya jambo ambalo hukulitarajia. Mbele yako kuna mtu mwenye kadi: kijani ikitimia dakika moja, manjano moja na nusu, nyekundu mbili. Mimi niliulizwa, ungekuwa barabara ya Nairobi, ungekuwa ipi? Nikasema Jogoo Road, maana haijawahi kumkatalia mtu mkokoteni. Watu wakacheka, moyo ukashuka kutoka kooni. Mwili humwaga adrenalini ukidhani kuna hatari. Maneno matamu hayaubembelezi. Lazima uone wenyewe kwamba umesimama, umesema, na hakuna aliyekuuma, tena uone hivyo mara nyingi. Ndiyo maana dakika hizo mbili za kila mkutano nazipenda kuliko semina ya siku nzima.

Yuko pia anayehesabu kila "aaa" na "eee" unayovuta, kisha mwishoni anazisoma hadharani, jina kwa jina. Inauma, lakini inatibu. Siku hizi nikikwama nanyamaza, natoa pumzi polepole, naendelea. Wanaonisikiliza hudhani nawaza jambo zito.

Sasa malalamiko. Mkutano uliotangazwa wa saa kumi na moja na nusu ulianza saa kumi na mbili na robo, na hawa ndio watu wa kupima hotuba kwa sekunde! Halafu kila kitu ni Kiingereza. Nilipoomba kutoa hotuba ya kwanza, ile ya kujitambulisha ya dakika nne hadi sita, kwa Kiswahili, mwenyekiti alitabasamu kama niliyeomba kucheza ngoma. Nami naenda kufundisha ngeli.

Kubwa zaidi ni wasikilizaji. Uanachama ni kuanzia miaka 18, kwa hiyo wote ni watu wazima wanaokutakia mema, na makofi wanakupigia hata ukisahau hoja. Kidato cha tatu hakina makofi hayo. Kuna kijana wa nyuma anayeiga sauti yako, na mwingine anaomba kwenda choo ukiwa katikati ya sentensi. Kwa zoezi la namna hiyo mimi hupitia kwanza Jeevanjee penyewe, wanapokutana watu wa Bunge la Mwananchi, baraza la wazi la raia wa kawaida, kujadili siasa. Pale humalizi sentensi mbili hujakatizwa. Mzee mmoja aliniuliza, "Binti, hayo umeyasoma au umeyaona?" Ikabidi nimjibu bila karatasi na bila kupandisha sauti, huku wengine wakimshangilia yeye.

Nyota tatu kati ya tano. Nenda kama mgeni, inua mkono kila yakija maswali ya papo kwa papo, na usilipe ada kabla ya kuuliza kama watakuruhusu kuzungumza lugha utakayofundishia. Chai wanatoa, mandazi uwahi. Mnatoka yapata saa mbili na nusu usiku, kwa hiyo wa Eastlands, mitaa ya mashariki ya jiji, abaki na nauli ya ziada, hasa kukinyesha.