Mailchimp kwa duka la mtandaoni la Kiswahili: fomu ni rahisi, kazi iko baada ya kitufe

Anayeuza kupitia Instagram na WhatsApp hufika mahali akahitaji orodha ya wateja iliyo mikononi mwake mwenyewe. Orodha ya matangazo ya WhatsApp huishia watu 256, na ujumbe humfikia yule tu aliyehifadhi namba yako. Barua pepe haina kikwazo hicho, na mtu akianza kuulizia huduma ya kukusanya anwani, jina la kwanza kutajiwa huwa Mailchimp. Ilianzishwa Atlanta, Marekani, mwaka 2001, na mwaka 2021 kampuni ya programu ya Intuit ikainunua kwa takriban dola bilioni 12. Hapa tunaipima kwa jambo moja tu, ukurasa wa kujiandikisha, na mfano wetu ni duka linalouza viungo kwa Kiswahili: karafuu, iliki, mdalasini, pilipili manga.

Hukumu yetu ni hii: kwa duka la namna hiyo inafaa, ila usiitumie kama inavyokuja. Mipangilio ya kuanzia imepangwa kwa Mmarekani mwenye kompyuta na intaneti isiyokatika. Mteja wako ana simu na bando, na amefika kwenye ukurasa kwa kubonyeza kiungo cha Instagram akiwa kwenye daladala.

Mailchimp inakupa njia nne za kupokea anwani: fomu inayokaa kwenye seva zao, fomu ya kubandika ndani ya tovuti yako, dirisha linaloruka mbele ya msomaji, na ukurasa kamili unaousanifu mwenyewe. Dirisha linaloruka liache. Linategemea JavaScript, yaani programu ndogo zinazoendeshwa na kivinjari, na kivinjari cha Opera Mini kikiwa kwenye hali ya kubana data kupita kiasi huenda lisitokee kabisa, au litokee bila alama ya kulifunga. Isitoshe, tangu Januari 2017 Google huzishusha kwenye matokeo kurasa za simu zenye madirisha yanayoziba maandishi pindi mtu anapoingia.

Fomu ya kwenye seva zao ndiyo ya haraka zaidi, kwani unaipata bila kuwa na tovuti. Kasoro yake ni kiungo. Unapewa anwani fupi inayoanza na eepurl.com, na mteja aliyekwisha kuona matapeli wa kila aina mtandaoni ataitilia shaka, tena ana haki. Kama una domeni yako, yaani jina lako mwenyewe la tovuti, tengeneza anwani kama dukalako.co.tz/bei inayomhamishia mtu kwenye fomu hiyo, kisha utangaze hiyo. Kazi yenyewe haizidi dakika tano kwenye cPanel, ukurasa wa kusimamia tovuti ambao kampuni nyingi za kuhifadhi tovuti hukupa.

Fomu ya kubandika ndiyo tunayoipendekeza kwa mwenye tovuti. Unanakili msimbo na kuuweka kwenye ukurasa. Ndani ya msimbo huo mna kisanduku kilichofichwa, kimesukumwa nje ya kioo, ambacho binadamu hakioni ila boti, yaani programu zinazojaza fomu zenyewe, hukiona na kukijaza. Kikijazwa, maombi hayo hutupwa. Mafundi wengi wanaosafisha msimbo hukifuta wakidhani ni takataka, na baada ya wiki orodha imejaa anwani za ajabu ajabu. Kiache kilivyo. Kingine cha kuangalia ni ukubwa wa herufi ndani ya kisanduku cha anwani: zikiwa chini ya pikseli 16, Safari ya iPhone huukuza ukurasa mtu anapogusa kisanduku, na kitufe hupotea pembeni.

Sasa ukurasa wenyewe. Fomu ya kuanzia huja na nafasi zaidi ya ile ya barua pepe: jina la kwanza, jina la ukoo na nyinginezo. Ficha zote, ubakize anwani ya barua pepe peke yake. Kama ni lazima umwite mteja kwa jina, ongeza jina moja, wala lisiwe la lazima. Namba ya simu usiiombe hapa. Mtu anayetaka kujua bei ya iliki hajawa tayari kupigiwa. Tarehe ya kuzaliwa, ukiitaka kwa ajili ya punguzo la bei, itakuja kwa mpangilio wa Kimarekani, mwezi ukitangulia siku. Usipoubadilisha, aliyezaliwa tarehe 25 atakataliwa na fomu bila kuelewa kosa lake, na aliyezaliwa tarehe 3 Agosti atapata salamu zake Machi.

Maneno ya juu ya fomu ndiyo yanayoamua. «Jiandikishe upate habari zetu» halimwambii mtu chochote, na kwa kweli hakuna anayehitaji habari za duka. Linganisha na hili: «Bei mpya za viungo, kila Alhamisi asubuhi.» Mteja amejua anapata nini, lini, na mara ngapi. Kitufe nacho kiendeleze ahadi ileile: «Nitumie orodha ya bei» badala ya «Wasilisha». Chini ya kitufe weka mstari mmoja mdogo: «Barua moja kwa wiki. Ukichoka, unajitoa kwa kubofya mara moja.» Picha iwe moja, tena imebanwa. Picha ya gunia la karafuu yenye megabaiti 4 inamlia mteja bando kabla hajaona kisanduku cha kujaza.

Kisanduku cha tiki cha kukubali kupokea matangazo kisije kikiwa kimeshawekwa alama. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Ukiwa na wateja wa diaspora walioko Ulaya, kanuni za huko zilizoanza kutumika 2018 zinakuhusu pia. Andika kwa maneno ya kawaida unachokusanya na utakachokifanyia.

Mahali Mailchimp inapowapita wengi ni lugha. Kiswahili kimo kwenye orodha ya lugha za fomu zake, kwa hiyo ujumbe wa makosa, ukurasa wa shukrani na barua ya kuthibitisha vyote vinaweza kutoka kwa Kiswahili. Lakini hapa pana mtego uliowanasa wengi. Kuna swichi ya tafsiri ya moja kwa moja ambayo hufuata lugha ya kivinjari cha mgeni. Simu nyingi mitaani kwetu zimewekwa Kiingereza tangu dukani, hata kama mwenyewe hasomi Kiingereza kwa raha. Matokeo yake, wewe unaiona fomu kwa Kiswahili kwenye kompyuta yako, mteja anaiona nusu Kiswahili nusu Kiingereza. Zima swichi hiyo, chagua Kiswahili kiwe lugha ya kudumu, kisha pitia mstari kwa mstari na uandike upya maneno yote kwa sauti ya duka lako. Usisahau ujumbe wa makosa: «Anwani hii haijakamilika, angalia kama umeweka @» unamsaidia mtu kuliko tafsiri yoyote ya mashine.

Angalia pia jina ulilolipa hadhira yako, yaani orodha yenyewe. Wengi huandika «jaribio» au «orodha mpya 2» wakidhani ni lebo ya ndani. Siyo. Wateja huliona jina hilo juu ya fomu. Liwe jina la duka.

Baada ya mtu kubonyeza kitufe, kuna njia mbili. Ya kwanza anaingia kwenye orodha papo hapo. Ya pili anatumiwa barua yenye kitufe cha kuthibitisha, na asipokibonyeza haingii. Mailchimp iliacha kuifanya njia ya pili kuwa ya kawaida mwaka 2017, hivyo lazima uiwashe mwenyewe kwenye mipangilio ya hadhira. Wauzaji wengi hawaipendi kwa sababu baadhi ya watu hawarudi kuthibitisha. Sisi tunasema iwashe hata hivyo. Anayeandika gmial.com au gmail.co badala ya gmail.com anachujwa hapo, na boti nazo zinachujwa. Tangu Februari 2024 Gmail na Yahoo huwataka watumaji wa barua nyingi wabaki chini ya malalamiko ya spamu 0.3%, yaani wapokeaji wanaoiripoti barua kuwa ni taka. Kwa barua 1,000 hao ni watu watatu tu. Boti moja ikikuingizia anwani za watu wasiokujua, hao watatu wanapatikana asubuhi moja.

Watu wanaopotea kati ya kitufe na uthibitisho wanapunguzwa na ukurasa wa shukrani, ambao karibu kila mtu huuacha mtupu. Usiandike «Asante kwa kujiandikisha», kwa maana bado hajajiandikisha. Andika: «Bado hatua moja. Fungua barua kutoka Duka la Viungo yenye kichwa Thibitisha upate orodha ya bei. Kama huioni, tazama kwenye Promosheni au Spamu.» Jina la mtumaji na kichwa cha barua viwe vilevile, neno kwa neno, kwani mtu atavitafuta kwa macho. Kwenye kijenzi cha fomu kuna pia barua ya mwisho ya kukaribisha ambayo huwa imezimwa. Iwashe, uweke humo kiungo cha orodha ya bei uliyoahidi. Usipofanya hivyo, mteja amethibitisha, kisha anangoja hadi Alhamisi, na kufikia hapo ameshakusahau.

Domeni ndipo penye jasho. Usitume kwa anwani ya gmail.com ukitumia Mailchimp. Barua hiyo haijatoka kwa Google, na Mailchimp wanaweza kubadilisha anwani ya mtumaji iwe ya kwao ili ipite, hivyo mteja akaona jina asilolijua. Nunua domeni, fungua anwani kama habari@ kwenye domeni hiyo, kisha uithibitishe. Mailchimp watakupa mistari ya kuongeza kwenye mipangilio ya domeni yako: rekodi mbili za CNAME, zinazoanza na k2._domainkey na k3._domainkey, zinazothibitisha kwamba umewaruhusu kutuma kwa jina lako, pamoja na rekodi moja ya TXT ya DMARC, inayoziambia huduma za barua zifanye nini na barua isiyothibitika. Kosa linalojirudia ni la cPanel: huongeza jina la domeni mwishoni yenyewe. Ukibandika jina zima unapata k2._domainkey.dukalako.co.tz.dukalako.co.tz, na uthibitisho haupiti kamwe hata ungoje wiki. Bandika hadi neno _domainkey tu, halafu usome cPanel imehifadhi nini hasa. Ikiwa sawa, mara nyingi hukubali ndani ya saa chache, ingawa wenyewe husema ngoja hadi saa 48. Kama domeni tayari ina rekodi ya DMARC, usiongeze ya pili, maana zikiwa mbili huhesabiwa kama hakuna.

Jambo dogo linalowashtua wanaouzia nyumbani: sheria ya Marekani ya mwaka 2003 inadai anwani ya posta kwenye kila barua ya biashara, na Mailchimp huchapisha chini ya barua ile uliyojaza ulipofungua akaunti. Usiweke mtaa na namba ya nyumba unayolala. Weka S.L.P.

Kabla ya kutangaza, jaribu kwa simu ya bei nafuu ya Android, kwa data ya simu wala siyo Wi-Fi ya ofisini, ukianzia kwenye kiungo cha Instagram kama mteja. Kivinjari cha ndani ya Instagram mara nyingine hakimjazii mtu anwani yake, naye huiandika herufi kwa herufi. Ndiyo sababu nafasi moja inashinda tatu. Huna haja ya kufungua akaunti kumi za kujaribia: Gmail hupokea jina+1, jina+2 na kuendelea kwenye kikasha kilekile. Jaribu pia na anwani ya Yahoo na ya Outlook, uone barua ya kuthibitisha inaangukia wapi.

Kuhusu gharama, mpango wa bure umekuwa ukipunguzwa mwaka hadi mwaka, kwa hiyo soma kikomo cha siku unayojisajili, wala usitegemee video ya zamani. Barua za mpango huo hubeba nembo ya Mailchimp chini. Linaloudhi zaidi ni kwamba aliyejitoa bado anahesabiwa kwenye idadi unayolipia, mpaka umhamishie kwenye kumbukumbu. Weka siku moja kila mwezi ya kufanya usafi huo. Kwa kawaida malipo ni kwa dola na kwa kadi. Walioko Kenya wasio na kadi ya benki wanaweza kutumia kadi ya mtandaoni ya M-Pesa GlobalPay.

Walio wengine kwa ufupi. Kit, iliyoitwa ConvertKit hadi 2024, ni karimu zaidi kwenye mpango wa bure na kurasa zake ni safi, lakini imetengenezwa kwa waandishi na watengeneza maudhui kuliko wenye maduka. MailerLite ya Lithuania ina kijenzi cha ukurasa kinachopendeza kuliko cha Mailchimp, ila hukagua akaunti kabla ya kukuruhusu kutuma, na asiye na tovuti yake hupata shida hapo. Brevo, iliyokuwa Sendinblue hadi 2023, inakuwekea kikomo cha barua 300 kwa siku kwenye mpango wa bure badala ya kukubania idadi ya watu. Kwa duka lenye wateja 2,000 wanaosubiri bei ya Alhamisi, barua ya mwisho ingefika Jumatano inayofuata.