Daftari la Maswali kwa Wanandoa: Upande Wake na Upande Wangu

Daftari ninalolitathmini hapa limetengenezwa kwa kazi moja tu, nayo ni kuwawezesha mume na mke kuandika jinsi walivyokutana na jinsi mapenzi yao yalivyoanza. Halina mbele wala nyuma. Mume huanza kuandika upande mmoja, mke hulipindua na kuanza upande wa pili, maswali ni yale yale 40, na wote wawili hukutana katika kurasa nne za katikati, ambako hutakiwa kusoma alichoandika mwenzake na kisha kutunga simulizi moja. Maelekezo yanakataza kuchungulia kabla ya kumaliza. Mimi na mume wangu tulilijaza kwa wiki tatu, na katazo hilo, ambalo mwanzoni nililiona kama mchezo wa watoto, ndilo linalonifanya nilipendekeze kwa wengine.

Katika ndoa iliyodumu, kisa cha kukutana huwa na msimulizi mmoja, na mwingine hubaki kuwa mwitikiaji. Kwetu msimulizi ni mume wangu. Kwa miaka 16 amewaeleza wageni kwamba tulikutana katika kituo cha basi mvua ikinyesha, akanikaribisha chini ya mwamvuli wake, nami nimekuwa nikiitikia mahali panapostahili kuitikiwa. Swali la tatu la daftari linauliza: mara ya kwanza ulipomwona, alikuwa anafanya nini? Niliandika kwamba alikuwa maktaba, mbele yangu kwenye foleni, akibishana kwa adabu nyingi mno kuhusu kitabu alichochelewa kukirudisha, na hayo yalitokea yapata mwezi mmoja kabla ya mvua ile. Hakuwa na habari kabisa. Upande wake, naye aliandika jambo ambalo sikuwahi kulisikia: siku ya mwamvuli alikuwa ameshayaacha mabasi mawili ya kwao yapite kabla hajapata ujasiri wa kunisemesha. Katika usimulizi wake wa miaka yote hiyo mabasi hayo hayakuwahi kutajwa, nadhani kwa sababu mwamvuli ulikuwa umeshamtosha kuwachekesha wageni.

Hitilafu za namna hii zisimtishe mnunuzi. Mwaka 1986, siku iliyofuata baada ya chombo cha anga cha Challenger kulipuka, wanasaikolojia Ulric Neisser na Nicole Harsch waliwapa wanafunzi dodoso la kueleza walivyozipata habari hizo; miaka miwili na nusu hivi baadaye wakawauliza tena 44 kati yao. Katika majibu yao mapya wengi walikuwa wamebadilisha mahali walipokuwa, mtu aliyewaambia, au vyote viwili, na bado walijibu kwa uhakika mkubwa. Ikiwa kumbukumbu ya tukio zito kiasi hicho huyumba ndani ya miaka michache, sioni kwa nini kumbukumbu ya kituo cha basi isiyumbe. Ndiyo maana kurasa zilizotenganishwa zina thamani: mkizungumza kwa mdomo, mwenye sauti kubwa zaidi humfundisha mwenzake nini cha kukumbuka.

Maswali yenyewe hayalingani kwa ubora. Yaliyo mazuri ni yale madogo, kama vile mlikuwa mnasubiri nini, nani aliyeondoka kwanza, ulimweleza nani siku hiyo. Yaliyo dhaifu ni yale yanayodai hitimisho, hasa lile linaloomba utaje dakika uliyotambua kwamba huyu ndiye. Mume wangu aliliruka. Mimi niliandika uongo wa mistari miwili kisha nikaufuta. Kupenda kwangu hakukuwa na dakika. Nilianza kuchagua njia ndefu ya kurudi nyumbani kwa kuwa ilipita kituoni kwake, na nilipojiuliza sababu nilikuwa nimeshaipita mara nyingi.

Dibaji inastahili lawama zaidi. Inadai kwamba sayansi imethibitisha kuwa maswali huzalisha mapenzi, dai linaloelekea kutokana na jaribio la mwanasaikolojia Arthur Aron na wenzake, lililochapishwa mwaka 1997, lenye maswali 36 yaliyopangwa katika mafungu matatu na kujibiwa kwa muda wa dakika 45. Jaribio hilo lilihusu ukaribu wa muda kati ya watu wasiofahamiana, si mahaba, na wala si wanandoa. Utafiti unaohusiana zaidi na daftari hili ni ule wa Kim Buehlman, John Gottman na Lynn Katz wa mwaka 1992, ambao uliwataka wanandoa 52 wasimulie walivyokutana na walivyochumbiana. Watafiti walipima namna ya kusimulia: kama mtu anasema "sisi" au "mimi", kama anamtaja mwenzake kwa upendo, kama kumbukumbu zake zina undani. Walieleza kwamba kwa vipimo hivyo waliweza kubainisha, kwa usahihi wa asilimia 94, nani angeachana na nani angebaki, ingawa wakosoaji walisema baadaye kwamba kanuni yao ya kubashiri ilitungwa kutokana na wanandoa wale wale iliowapima. Mtunga dibaji angeutaja utafiti huo, angekuwa na hoja iliyo karibu na bidhaa yake.

Kuhusu utengenezaji sina mengi ya kusema. Jalada ni imara na kurasa zimeshonwa, lakini karatasi ni nyepesi na wino wa kalamu ya maji huonekana upande wa pili, kwa hiyo tumieni kalamu ya risasi. Nafasi ya kujibu ni mistari mitano kwa kila swali, iwe linauliza rangi ya shati au siku ya kupelekwa kwa wazazi.

Natoa nyota nne kati ya tano, na ile iliyokosekana ni kwa ajili ya kurasa za katikati. Zinadai simulizi moja, yenye tarehe moja ya kukutana iliyoachiwa kisanduku kidogo juu ya ukurasa. Tulijaribu jioni mbili kisha tukaacha. Katika kisanduku hicho sasa kuna tarehe mbili, yangu ikiwa juu kwa kuwa ndiyo ya kwanza, na chini ya tarehe yake mume wangu ameongeza kwa mwandiko mdogo: basi la tatu.